Chuo Chenye Jina na Maisha ya Mbele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu hailali. Nimefanya kazi ya rasilimali watu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Basi majirani, ndugu, hata fundi wangu wa nguo, wote wanaamini mimi ndiye mwenye funguo za ajira. Funguo sina. Nilicho nacho ni majibu ya maswali yaleyale, na nimeona niyaweke mahali pamoja ili mtu akipiga nimtumie linki, tuongee akiwa ameshasoma.

Dada, mtoto amekosa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiyo basi tena?

Siyo basi. Nikupe msimamo wangu hapa juu, usije ukautafuta mpaka chini: chuo chenye jina kinakufungulia mlango wa kwanza, na kinakukutanisha na watu. Hivyo ni vitu viwili vya maana, hasa kwa mtu ambaye kwao hawana mlango wala watu. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachodhani ni kazi ya chuo ilishafanyika kabla mtoto hajafika chuoni, na sehemu nyingine itaamuliwa baada ya kuhitimu, na yule anayelipa kodi ya chumba wakati kijana anasubiri kazi.

Mbona basi wakubwa wote wametoka vyuo vilevile?

Orodha naijua. Mwalimu Nyerere alikuwa Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akahitimu Edinburgh mwaka 1952. Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa, Makerere. Kikwete, Magufuli na Museveni wa Uganda, Mlimani. Ukiisoma haraka utaona kuna vyuo vinavyofyatua marais kama tofali.

Isome tena ukijiuliza: wangeenda wapi kwingine? Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa na sehemu hiyo moja tu. Dar es Salaam yenyewe ilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Wakahamia kule mlimani mwaka 1964, na chuo kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kijiji kikiwa na kisima kimoja, kila aliyekunywa maji ameyachota hapo, na hilo halikuambii maji hayo ni matamu kiasi gani.

Halafu ongeza wakati wenyewe. Wakoloni walikuwa wanaondoka, ofisi ziko wazi, nchi inamtafuta mtu mwenye digrii kwa tochi. Msomi wa miaka ile hakuomba kazi, kazi ilikuwa inamsubiri atoke kwenye chumba cha mtihani. Mwalimu aliliona tatizo mapema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, naye akawarudisha nyumbani karibu 400, akaukata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hakuwa na ugomvi na elimu, mwenyewe alikuwa mwalimu. Aliona kundi dogo la vijana linaanza kujihesabu kama tabaka, na tabaka hilo lilikuwa na anwani moja: chuo.

Leo hali ni nyingine kabisa. Chuo Kikuu Huria kiliundwa mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka 2007, vya binafsi na vya mashirika ya dini ndiyo usiseme. Digrii siyo bidhaa adimu tena. Mzazi anayempangia mtoto wake maisha kwa kuangalia CV za wazee wetu anaangalia soko ambalo lilishafungwa.

Wenzetu wamelichunguza hili kwa takwimu?

Sana, hasa Marekani, kwa sababu wao wana kumbukumbu za kodi za mamilioni ya watu na vyuo vyenye majina ya kutisha. Ugumu wa swali lenyewe ni huu: timu ikisajili wachezaji bora wa nchi nzima kisha ikachukua ubingwa, sifa ni za kocha au za usajili? Harvard inachukua watoto ambao wangefika mbali hata wangesomea chini ya mwembe. Utajuaje kilichoongezwa na Harvard yenyewe?

Watafiti wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walipata ujanja wa kulipitia hilo. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002 walichukua vijana walioanza chuo mwaka 1976, wakawalinganisha wale waliokubaliwa na vyuo vikubwa wakaenda, na wale waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya aina hiyohiyo lakini wakaamua kwenda vya kawaida. Mishahara yao, miaka mingi baadaye, ilikaribiana sana. Kwa lugha ya mtaani: kichwa ndicho kilichokuwa kinalipwa, fulana ya chuo haikuongeza kitu. Ila walikuta makundi ambayo yalifaidika kweli. Kwenye utafiti wa kwanza ni watoto wa familia za kipato cha chini. Waliporudia baadaye kwa takwimu pana zaidi, ni wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kariri hapo, tutarudi.

Mwaka 2017 mchumi Raj Chetty na wenzake wakaja na rekodi za kodi. Walikuta kwamba ndani ya chuo kimoja, mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri wanaishia na vipato vinavyokaribiana. Habari njema hiyo. Mbaya ni kwamba maskini wenyewe humo hawapo: kulikuwa na vyuo 38 ambavyo wanafunzi waliotoka kwenye asilimia 1 ya familia tajiri kabisa walikuwa wengi kuliko wote waliotoka kwenye asilimia 60 ya chini. Na vyuo vilivyoinua watoto wengi kutoka chini vilikuwa vile ambavyo hakuna mtu anavaa kofia yake. Vyuo vya umma vya jiji la New York, CUNY, viliwafikisha watoto wa familia duni kwenye maisha ya kati na kuendelea kwa idadi inayokaribia mara sita ya vyuo vyote vinane vya Ivy League, lile kundi la vyuo vya kale vyenye majina, vikijumlishwa na Duke, MIT, Stanford na Chicago.

Kisha mwaka 2023, Chetty na David Deming na John Friedman wakavirudia vile vyuo 12 vya juu kabisa. Mtu akisoma huko badala ya chuo kikuu kizuri cha jimbo, wastani wa kipato chake haubadiliki sana. Kinachobadilika ni kule kileleni: uwezekano wa kuingia kwenye asilimia 1 ya wenye kipato kikubwa zaidi unapanda kwa takriban nusu, na wa kuajiriwa na zile kampuni ambazo kila mtu anazitamani unapanda karibu mara tatu. Na nani anaingia huko? Watoto wa asilimia 1 walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma huko kuliko watoto wa familia za kati wenye alama zilezile za mtihani, sehemu kubwa kwa sababu baba alisoma pale, kwa sababu ya michezo fulani ya shule za ada kubwa, na kwa sababu ya barua nzuri za utetezi kutoka shule hizohizo.

Kwa hiyo ukitaka maisha mazuri ya kawaida, jina siyo lazima. Ukitaka kiti kwenye ile meza ndogo ambako maamuzi yanafanyika, jina lina uzito, na njia ya kulipata haina usawa.

Mtoto wa maskini anafaidika zaidi au kidogo?

Hapa watafiti hawaimbi wimbo mmoja, na mimi naona wote wameona kweli. Wa Marekani tumewasikia: aliyetoka chini ndiye anayeongezewa. Sasa nenda Chile. Seth Zimmerman alichunguza vijana walioponea chupuchupu kuingia kwenye kozi za juu kabisa za sheria, biashara na uhandisi, na waliozikosa chupuchupu. Kuingia kuliongeza nafasi ya kuwa kiongozi wa kampuni kubwa kwa asilimia 44. Ila faida hiyo yote ilikwenda kwa wanaume waliotoka sekondari binafsi za ada kubwa. Wasichana, hakuna. Wavulana wa shule za kawaida, hakuna. Darasa moja, mhadhiri mmoja, cheti kimoja.

Sikushangaa niliposoma. Kuna mwaka nilikuwa na maombi mawili mezani: kozi moja, chuo kimoja kikubwa, mwaka mmoja wa kuhitimu, GPA, yaani wastani wa alama, zinapishana kwa nukta moja. Nikashuka mpaka chini kwenye wadhamini. Wa kwanza kaandika mkurugenzi wa benki, wakili, na mjomba wake aliyeko shirika la kimataifa. Wa pili, binti, kaandika mwalimu mkuu wa shule yake ya msingi, mtendaji wa kata, na mchungaji. Simu ya mtendaji haikupatikana. Mwalimu mkuu nilimpata akiwa shambani, nasikia na kuku wanapita, akanieleza kwa dakika ishirini jinsi yule binti alivyokuwa anabaki jioni kuwafundisha wenzake hesabu. Nilimwamini kila neno. Tulipokaa kikao, jina la mkurugenzi wa benki halikuhitaji maelezo, na la mwalimu mkuu lilihitaji nieleze shule iko wilaya gani. Tulimchukua wa kwanza. Hakuwa mbaya, na sikumpigania binti yule kama nilivyotakiwa.

Kwa hiyo chuo kikubwa kinampa mtoto wa maskini watu, lakini lazima awachukue. Wenzake wa kishua wamekuja nao kutoka nyumbani. Yeye anaanza siku ya kwanza kwenye foleni ya usajili. Ndiyo maana huwa nawaambia: kile kimbweta, benchi la kujisomea, mnachokalia kudesa usiku, anayekaa pembeni yako ndiye mdhamini wako wa mwaka 2040. Msaidie sapu yake, ule mtihani wa marudio.

Kwani yote haya hayaanzii sekondari?

Yanaanzia kabla ya hapo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka yote, halafu kidato cha kwanza anakuta biolojia, jiografia na hesabu vimegeuka Kiingereza usiku mmoja. Mwenzake wa shule za Kiingereza hata hajui kama kuna kitu kimebadilika. Miaka sita baadaye wote wawili wanaomba chuo, na tunasema tunawapima kwa mtihani mmoja.

Serikali ina shule za vipaji maalumu: Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora. Hizo kwa maoni yangu zimewahi kuinua watoto wa wakulima kuliko chuo chochote, kwa sababu zinamkamata mtoto mapema, akiwa bado anafundishika bila aibu. Ukifika chuoni na Kiingereza cha kuokoteza, unaficha. Nimewaona kwenye usaili. Anaijua kazi, unaona macho yake yanaijua, ukimuuliza kwa Kiingereza anajibu sentensi mbili kisha anatazama meza. Nikihamia Kiswahili anafunguka kama bomba. Ofisi nyingi hazihamii Kiswahili.

Ninyi waajiri mnaangalia jina la chuo? Sema ukweli.

Inategemea mwajiri ni nani.

Serikalini jina halina kazi kubwa. Unaomba kupitia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, unaitwa kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita unakwenda wa mahojiano. Karatasi ya mchujo haiulizi ulisomea wapi. Ukipata, mwenye digrii wa kada nyingi anaanzia ngazi ya mshahara ya TGS D, awe wa Mlimani au wa chuo ambacho jirani yako hajawahi kukisikia. Taaluma zenye bodi nazo zina mlango wao mmoja kwa wote. Mhasibu anakwenda kukutana na mitihani ya CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mhandisi anasajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi. Mwanasheria anayetaka uwakili lazima apite Shule ya Sheria, na wote tunakumbuka mwaka 2022 matokeo yalipotoka na kuonyesha wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja. Walikuwemo wa vyuo vyenye majina pia.

Sekta binafsi ni hadithi nyingine, na hapa nitajisema mwenyewe. Mahali fulani nilipokuwa nafanya kazi tulitangaza nafasi mbili za uhasibu, zikaja barua zaidi ya 600. Bosi anataka majina 20 ifikapo Ijumaa. Nilifanya nini? Nilitenga vyuo vitatu ninavyovijua, zilizobaki zikaenda kwenye boksi la karatasi za fotokopi chini ya meza. Sikuzisoma. Mwaka uliofuata wakaja wakaguzi wa hesabu wa nje, mmoja wao dada mdogo mwembamba anayekunywa chai bila sukari. Siku ya pili tu alikuwa ameshaibua malipo yaliyofanyika mara mbili kwa mzabuni mmoja, kitu ambacho wale wawili tuliowaajiri walikipitisha miezi minne mfululizo. Saa nne wakati wa chai akaniambia kwa kucheka kwamba aliwahi kuomba kazi hapa. Chuo chake cha mkoani. Nikamwambia waombaji walikuwa wengi, na hilo lilikuwa kweli.

Sijaacha kabisa kuchuja kwa jina. Nimeacha kuanza nalo.

Kozi na chuo, kipi kitangulie?

Kozi. Muuguzi, mhandisi wa umeme, mtaalamu wa maabara, mkadiriaji majenzi: hawa cheti chao kinaeleweka bila kuuliza kilitolewa wapi, mradi chuo kiwe kimetambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na kozi iwe imeidhinishwa. Kadiri kozi inavyokuwa ya jumla, ndivyo mwajiri anavyokosa cha kushika, na hapo anashika jina la chuo. Mtu wa sosholojia au utawala anahitaji jina kuliko mtu wa famasia. Mzazi anayemlazimisha mtoto aache famasia ya chuo kidogo akachukue kozi yoyote ilimradi Mlimani, mimi huwa namuuliza anamsomesha mtoto au anasomesha harusi ya ukoo.

Kuna jambo moja la kuangalia: anayetaka kubaki chuoni awe mhadhiri. Huko wanatazama GPA kwa jicho kali, kuanzia 3.8 kwenye shahada ya kwanza, na digrii yenye GPA ya 3.2 kutoka chuo kikubwa haitamsaidia.

Amemaliza chuo kikubwa na bado yuko nyumbani. Nini kimetokea?

Swali hili ndilo linaloniuma, kwa sababu jibu lake halina uhusiano na akili ya mtoto.

Kati ya kuhitimu na mshahara wa kwanza kuna kipindi, na kipindi hicho kinalipiwa. Siku hizi kinaitwa kujitolea. Nakumbuka vijana wawili walioingia ofisi moja siku moja kujitolea, wote wa chuo kimoja kikubwa, wote wazuri. Mmoja alikuwa anakaa kwa shangazi yake Kijitonyama, anakuja amepiga pasi, mchana anakula alichobeba. Mwingine alikuwa wanachangia chumba watatu Manzese, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ofisi ilikuwa inawapa nauli, na wakati mwingine inasahau. Mwezi wa tatu yule wa Manzese aliacha kula mchana. Alikuwa anasema amefunga. Mwezi wa nne kodi ilipoisha akapanda basi kurudi Sumbawanga, akasema anakwenda kumsalimia mama. Mwezi wa tisa ikatokea nafasi, na tangazo likasema wenye uzoefu watapewa kipaumbele. Mwenye uzoefu alikuwa mmoja tu.

Ukikutana na hao wawili leo, mmoja ni meneja, mwingine ana duka la vifaa vya simu, utasema mmoja alijituma. Mimi nilikuwepo. Tofauti ilikuwa shangazi.

Kwa hiyo ukiwa mzazi na una fedha kidogo ya kuchagua, fikiria hivi: chuo cha ada nafuu kilicho karibu, na akiba ya mwaka mmoja ya kumsaidia baada ya kuhitimu, mara nyingi inampeleka mbali kuliko kumalizia kila shilingi kwenye chuo cha gharama halafu umwambie sasa jitegemee.

Mbona Bakhresa hakusoma?

Nilijua litakuja. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na biashara ndogo ya chakula Zanzibar, leo hakuna nyumba isiyo na kitu cha kampuni yake jikoni. Kweli kabisa. Mohammed Dewji naye amesoma Georgetown, Marekani, na alipohitimu alirudi kwenye biashara ambayo baba yake alikuwa ameshaijenga. Wote wawili ni matajiri, na hakuna hata mmoja kati yao anayethibitisha kitu kuhusu chuo. Hata Bill Gates na Mark Zuckerberg tunaoambiwa waliacha chuo, chuo walichoacha ni Harvard. Gates alishakuwa anagusa kompyuta shuleni kwao Seattle mwaka 1968, shule binafsi ya ada. Kijana anayeniambia anaacha chuo kama Zuckerberg, namwomba kwanza anionyeshe alichokitengeneza.

Je, nimuuze ng'ombe nimpeleke nje?

Usiuze. Kama ana alama za kutisha kweli, ajaribu zile zinazolipa zenyewe. Harvard, Yale, Princeton na MIT haziangalii mfuko wa mwombaji wakati wa kuchagua, hata akiwa mgeni, na wakimchagua wanampa msaada unaolingana na hali ya kwao. Tatizo ni kuingia: wanaokubaliwa hawafiki 5 kati ya kila waombaji 100. Kuomba kwenyewe kuna msamaha wa ada kwa wasio na uwezo, kwa hiyo ajaribu, lakini asiache kuomba hapa nyumbani.

Wale mawakala wanaofanya maonyesho hotelini na kukwambia chuo fulani cha nje ni cha kimataifa, waulize mambo mawili: TCU inaitambua tuzo yake? Na ada ya mwaka wa pili ni kiasi gani? Wengi hujiandaa kwa swali la mwaka wa kwanza tu.

Na kuna kitu watu hawakifikirii. Marafiki wa chuo wana mipaka ya kijiografia. Uingereza, taarifa ya taasisi ya Sutton Trust ya mwaka 2019 ilionyesha asilimia 71 ya majaji wakuu wamesoma Oxford au Cambridge, wakati vyuo hivyo viwili vimesomesha chini ya asilimia 1 ya wananchi. Mtandao wa nguvu hasa, lakini nguvu yake iko London. Ukirudi Dodoma kufuatilia kibali, atakayekupokea simu ni yule mliyegombania naye kitanda hosteli ya Mabibo.

Zile orodha za vyuo bora duniani zina maana?

Kwa mtu anayetafuta pa kufanyia utafiti wa uzamivu, zina maana. Zinapima zaidi machapisho, ni mara ngapi yamenukuliwa, na sifa ya chuo mbele ya wasomi wengine. Hazikuambii kama mhadhiri anaingia darasani, kama maabara ina umeme, au kama wanafunzi wanapata fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Hayo muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, kafeteria, bila mzazi kuwepo.

Amepata divisheni tatu. Aanzie cheti au diploma, au anajidhalilisha?

Nani kakufundisha neno hilo? Rais Samia Suluhu Hassan alimaliza sekondari mwaka 1977 akaanza kazi ya ukarani. Alikwenda Mzumbe, wakati huo ikiitwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, akahitimu stashahada ya juu ya utawala mwaka 1986, halafu Manchester, halafu Chuo Kikuu Huria. Vipande vipande, akiwa kazini. Kwa kada za afya, ufundi na uhasibu, aliyepanda kwa ngazi mara nyingi anampita aliyepaa moja kwa moja, kwa sababu amefika kwenye digrii akiwa ameshashika kazi.

Mkopo wa chuo unalipwaje akishahitimu?

Mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi na kupeleka Bodi ya Mikopo. Bumu, ile pesa ya mkopo, ni tamu wakati wa kuipokea. Wajulishe vijana mapema, kwa sababu anayeanza na mshahara mdogo, asilimia 15 ni kodi ya chumba.

Amechaguliwa vyuo viwili: kimoja kikubwa, kozi asiyoipenda, kingine cha mkoani, kozi aliyoomba mwanzo. Athibitishe kipi?

Nimeulizwa hili mara nne mwaka jana. Mkae naye, siyo wewe na mjomba, wewe na yeye. Muulize kozi ile ina bodi ya kumsajili? Ana ndugu au mtu wa kufikia mji huo? Anaweza kufanya fildi mahali wanapofanya kazi hiyo kweli? Kama majibu yote yanaelekea mkoani, aende mkoani, na wewe uvumilie maneno ya kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

Ila fanyeni haraka. Namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa SMS kwenye simu aliyoombea. Kama aliombea kwenye simu yako au ya yule kijana wa steshenari, itafuteni leo, na isipofika aingie kwenye akaunti yake ya chuo aiombe upya kabla dirisha halijafungwa.